Mama mkwe, twiga na siku mbili za mwisho Orlando

BARUA

Dada, asalaam aleikum.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na Mama yuko chumba cha pili anavuta uradi. Mama ni mama mkwe wangu, mzazi wa baba watoto. Ametoka Tanga, Ngamiani, mwezi wa nne, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuona tunapoishi tangu tulipohamia huku Georgia, Marekani, mwaka wa tisa sasa. Miaka yote hiyo wajukuu amewaona kwenye simu tu. Huyu mdogo wa miaka minne hakuwahi kumpakata mpaka siku ile tulipompokea uwanja wa ndege.

Tulimwahidi safari. Shule zimefungwa, na mwisho wa mwezi wa sita tunateremka Orlando, Florida, kwa gari, tukae siku saba, watoto wakaione Disney na Mama aone wanavyofurahi. Mimi ndiye niliyetafuta pa kulala. Nilipata mahali Kissimmee, mji wa jirani na Disney, kwenye barabara ya 192: vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko kamili na friji kubwa. Dola 140 kwa usiku, kodi ikiwa ndani. Nikaona hapa panatufaa. Asubuhi nitampikia Mama uji wake, usiku wali wetu, na nyama ya halali nitaibeba kutoka hapa kwenye boksi la barafu.

Wiki iliyopita baba watoto karudi kazini amechangamka, akatuonyesha simu mezani. Ameweka nafasi kwa usiku mbili za mwisho kwenye hoteli ya Disney inayoitwa Animal Kingdom Lodge, chumba chenye roshani inayotazama mbuga, twiga na pundamilia wanapita chini. Dola 640 kwa usiku mmoja. Akaanza kumsomea Mama majina: jengo linaitwa Jambo House, mikahawa inaitwa Boma, Jiko na Sanaa, na bwawa la kuogelea linaitwa Uzima. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Kumbe hata kuogelea kwao ni kwa Kiswahili!"

Dada, Mama ana miaka 68 na hajawahi kumwona twiga. Saadani si mbali na kwetu, lakini nani alikuwa na nauli ya kwenda kutazama wanyama? Twiga anamjua kwenye nembo ya Air Tanzania. Kwa hiyo mume wangu naelewa moyo wake. Lakini mimi sitaki kuhama, na sababu ninazo.

Mwaka jana tulikwenda Orlando sisi wanne, tukafanya hivyohivyo: siku tatu hoteli moja, siku mbili nyingine. Siku ya kuhama ilitutoa roho. Tulitoka hoteli ya kwanza saa tano asubuhi maana ndiyo sheria yao. Ya pili wakatwambia chumba kitakuwa tayari saa tisa, ikawa saa kumi, ikawa karibu na saa kumi na mbili. Mtoto alilala juu ya masanduku kwenye ukumbi wa mapokezi, dada yake ana nguo ya kuogelea iliyolowa, na dawa yake ya pumu iko ndani ya sanduku ambalo wahudumu walikwishalipeleka stoo. Tulilipata, alhamdulillahi, lakini yule aliyekuwa na ufunguo alikuwa amekwenda kula. Siku ya kurudi nyumbani mimi na baba watoto hatukusemezana mpaka tulipoipita Gainesville.

Sasa safari hii tuna Mama. Ana sukari, anajidunga insulini asubuhi na jioni. Goti la kulia linamsumbua, ngazi hapandi. Na wifi yangu wa Dar es Salaam kaisikia habari, akanitumia ujumbe wa sauti: "Mama yetu si mzigo wa kupakia na kupakua." Nimeusikiliza mara nne. Umeniuma kwa sababu sikupanga mimi.

Nilimuuliza Mama mwenyewe. Akanijibu, "Mimi popote mtakaponiweka, mwanangu." Nikaondoka na jibu hilohilo, halina mbele wala nyuma.

Na pesa. Mimi nilikuwa nimetenga kidogo tumpe Mama aondoke nazo, ukuta wake wa uani ulianguka na mvua za masika. Dola elfu moja na mia tatu kwa usiku mbili, nikizihesabu usiku silali.

Watu wa Kissimmee wanataka niwaambie kufikia Ijumaa kama naziachia zile siku mbili za mwisho; nikichelewa, watanitoza. Je, niziachie tuhame wote? Au nikatae, niwe yule mkwe aliyemnyima mama mtu twiga wake?

Mkwe wa Ngamiani, Georgia

JIBU

Waaleikum salaam, mdogo wangu.

Usiziachie. Hiyo ya Ijumaa iondoe kichwani kuanzia leo: Kissimmee mnaibakisha siku zote saba. Hilo halina maana kwamba Mama hatamwona twiga wake. Atamwona. Nitakueleza njia, lakini kwanza kuna jambo ndani ya barua yako ambalo nadhani mume wako hakulitazama vizuri.

Hesabu vichwa. Wewe, yeye, Mama, binti na mvulana: watano. Chumba cha kawaida cha Jambo House kinaruhusu watu wanne. Anayeweza kuongezwa bila kuhesabiwa ni mtoto wa chini ya miaka mitatu anayelala kwenye kitanda kidogo cha mtoto mchanga, na wako ana minne. Fungua hiyo nafasi kwenye simu usome majina yaliyoandikwa. Ama mmoja wenu hayumo, na mtalijua hilo mkiwa mbele ya mapokezi na mizigo yenu, ama itabidi mchukue chumba cha pili, na hapo dola 640 inakuwa 1,280 kwa kila usiku. Kuna makazi makubwa zaidi kwenye hoteli hiyo, yenye chumba cha kulala peke yake na sebule, lakini bei yake ni nyingine kabisa.

Jambo la pili hukuliandika, na nadhani hukuweza kuliandika. Chumba kile kwa kawaida kina vitanda viwili vikubwa vilivyowekwa ubavu kwa ubavu, bafu moja, mlango mmoja. Wewe na mumeo mlale kitanda kimoja, na mama yake mzazi alale kitanda cha pili, hatua mbili kutoka kwenu, na wajukuu? Mwanamke wa Ngamiani wa miaka 68? Mimi nimelelewa na bibi wa Pangani, na nakwambia huyo bibi angelala kwenye kiti cha mapokezi usiku kucha kuliko kulala chumba kimoja na mwanawe akiwa na mkewe. Asubuhi angesema amelala vizuri sana. Mama aliposikia kwamba mna chumba chenye roshani alifurahi. Aliposikia kwamba ni chumba kimoja, kaanza kufikiri. "Popote mtakaponiweka" ni jibu la mtu asiyetaka kuivunja furaha ya mwanawe, wala kulitamka jambo ambalo mtu mzima halitamki mbele ya mkwe. Mngekuwa na vyumba viwili, huenda angekwambia wazi kabisa anataka au hataki. Kissimmee ana mlango wake wa kufunga.

Sasa nimtetee mumeo, maana anastahili kutetewa. Ameona kitu cha kweli. Bustani ile ya Animal Kingdom, ya Disney yenye wanyama na michezo, ilifunguliwa mwaka 1998, na walioichora walikwenda Afrika Mashariki wakatazama kwa makini. Kuna kijiji ndani yake wamekiita Harambe, na majengo yake yameiga Lamu: kuta za chokaa zilizochujuka, milango ya mbao, matangazo ya Kiswahili yaliyochorwa ukutani kana kwamba duka limekuwapo miaka hamsini. Hoteli ilifuata mwaka 2001. Ukumbi wake wa mapokezi una paa refu la makuti na vitu vya sanaa kutoka pande nyingi za Afrika, na nyuma yake wameacha uwanda mkubwa wanamotembea wanyama zaidi ya 200 wa kwato na ndege. Mimi nilipofika mara ya kwanza nilisimama mbele ya lile neno Uzima nikasahau nimefuata nini. Umeishi nchi ya watu, kila siku unaandikiwa jina lako vibaya, halafu unakuta lugha ya mama yako imeandikwa kwa herufi kubwa juu ya maji. Kwa mtu aliyetoka Tanga wiki kumi zilizopita itakuwa vingine, na pengine vizuri zaidi. Mumeo anataka kumwonyesha mama yake kwamba huku mbali si mbali sana. Usimnyime hilo.

Kwa hiyo ninavyoona mimi ni hivi. Abakishe usiku mmoja tu, ule wa sita, na wa saba aufute. Na wanaokwenda kulala huko ni wewe, Mama na watoto wawili. Wanne. Baba watoto analala Kissimmee. Vitanda viwili vinawatosha: Mama na binti kimoja, wewe na mvulana kimoja, na hapo hakuna aibu ya mtu yeyote. Mchana na jioni yeye yuko pamoja nanyi, anakula nanyi, anampiga mama yake picha na twiga. Usiku anawaaga.

Najua utasema, "Mume wangu ndiye aliyeota ndoto hii, nami nimwache nje?" Mwambie ukweli wa vichwa vitano na vitanda viwili, faraghani, si mezani mbele ya Mama. Mwanamume wa Tanga akiambiwa kwamba mama yake atalala chumba kimoja na yeye na mkewe, hutahitaji kusema mara mbili. Kama unapendelea yeye ndiye awe na mama yake na watoto, nayo yafaa: mtu na mamaye na wanawe, wanne, nawe ulale Kissimmee peke yako usiku mmoja. Lakini Mama akitaka kuamshwa usiku, au sukari ikishuka, au akitaka kusaidiwa kuvaa, ni wewe atakayekuwa huru nawe zaidi. Ndiyo maana nimekuanza wewe.

Tazama pesa. Mpango wake, chumba kimoja usiku mbili, ni dola 1,280. Mngeokoa 280 za Kissimmee, kwa hiyo safari ingezidi kwa dola 1,000. Wa vyumba viwili ungezidi kwa 2,280. Huu wa kwangu unazidi kwa 640 na hauokoi kitu. Tofauti na alichopanga yeye ni dola 360, na hizo ni za ukuta wa uani. Zitenge siku hiyohiyo atakapofuta ule usiku wa pili, zisije zikaliwa na kofia za masikio ya panya.

Na hapa ndipo ninapokuja kwenye ile siku ya mwaka jana, kwa sababu nimeisoma na nimeitambua. Kuhama hoteli katikati ya safari, shida haiko kwenye masanduku. Shida ni zile saa nne. Hoteli nyingi, za Disney zikiwamo, zinakutaka utoke saa tano asubuhi, na nyingine inakupa chumba kuanzia saa tisa alasiri. Hoteli ikijaa, hiyo saa tisa nayo inasogea. Katikati hapo huna kwako. Mtu mzima mwenye afya atazunguka madukani. Mtoto anayelala adhuhuri hana kitanda, na bibi mwenye goti hana pa kunyoosha mguu wala pa kutawadhia bila foleni. Wifi yako anaposema mzigo wa kupakia na kupakua, hajui lolote kuhusu Orlando, lakini zile saa nne amezigusa barabara.

Mkibakisha Kissimmee, hizo saa nne hazipo. Siku ya sita iwe siku yenu ya Animal Kingdom. Ingieni mapema bustani inapofunguliwa, mwende moja kwa moja kwenye Kilimanjaro Safaris, maana jua likishakuwa kali wanyama hutafuta vivuli kama sisi. Ni gari kubwa la wazi, kama dakika 18, na linaruka kwenye mashimo ya makusudi. Mwambie Mama ashike chuma cha mbele na mkae naye katikati. Simba na tembo ataonyeshwa huko, kwa sababu hotelini hawapo. Kisha mtembezeni Harambe polepole. Chukueni kiti cha magurudumu mlangoni, hata kama atasema goti leo halimuumi. Atakataa mara ya kwanza. Binti yako ndiye amwombe: "Bibi, nataka nikusukume mimi." Hapo hatakataa.

Saa sita mrudi Kissimmee. Mle chakula chenu, Mama asali adhuhuri kwa utulivu, mvulana alale. Mwezi wa sita Florida mchana ni joto la nyuzi 32 na 33, na alasiri nyingi mvua ya radi inapiga, michezo ya nje inafungwa na watu wanabanana vibarazani. Ninyi mtakuwa mmelala. Saa kumi hivi, simu ikishakwambia chumba kiko tayari, mnapanda gari na kibegi kimoja. Ukitokea barabara ya 192 hoteli ile iko upande wenu wa Disney. Hamna haja ya kupita katikati ya Orlando.

Kibegi kimoja, narudia, nawe ukifunge mwenyewe. Insulini ya Mama na sindano zake, kipimo cha sukari, tende au juisi ndogo ya dharura, dawa ya pumu ya mtoto, mswala, nguo za kulala, kanga mbili. Insulini isikae kwenye buti la gari hata dakika ishirini. Gari lililofungwa juani Florida linakuwa tanuri, na dawa iliyoungua kwa joto huwezi kuijua kwa macho. Iwe kwenye mfuko wake wa baridi, begani kwako. Chumbani kuna friji ndogo. Na ndani ya bustani zote za Disney kuna kituo cha huduma ya kwanza. Wanaweza kukuhifadhia dawa mahali pa baridi, na Mama akitaka pa kujidungia sindano kwa sitara ni hapohapo, si chooni.

Kuna mambo machache ya chumba chenyewe. Hakikisha nafasi aliyoweka inasema wazi kwamba chumba kinatazama uwanda wa wanyama. Si vyumba vyote vya hoteli ile viko hivyo. Vingine vinatazama bwawa, vingine maegesho, na bei zake ni tofauti. Jengo lina umbo la kiatu cha farasi, na korido zake ni ndefu kupita unavyofikiri. Piga simu siku chache kabla, uombe chumba karibu na lifti, useme sababu ni goti la mzee. Hawatakuahidi, lakini huandika. Wakikupa cha mwisho wa korido, omba kiti cha magurudumu palepale mapokezi kabla hamjaanza kutembea.

Na majina. Nafasi iko kwa jina la mumeo, lakini yeye halali. Apige simu aweke jina lako kama mgeni mkuu, na la Mama na watoto, mmoja mmoja. Ukifika mapokezi watataka kitambulisho chako na kadi ya benki. Kwenye simu hiyohiyo ya kubadilisha majina ndipo aufute ule usiku wa saba. Kama aliweka chumba peke yake moja kwa moja kwa Disney, bila kukifunga pamoja na tiketi, kubadilisha kunaruhusiwa bila hasara mpaka siku tano kabla ya kufika. Kama alinunua chumba na tiketi kwa pamoja, muda ni mrefu zaidi, siku thelathini, kwa hiyo asilale na jambo hili.

Kuhusu chakula, Boma ni mahali pa kujipakulia, wana supu nyingi na mboga za kutosha, lakini nyama uliza kabla. Disney husikiliza wageni wenye masharti ya chakula wakiambiwa mapema, kwa hiyo andika neno halali kwenye nafasi ya meza, kisha ukifika muulize mpishi mwenyewe. Wakikosa, samaki na mboga vipo. Mimi ningependa zaidi mkakae Sanaa, kwenye jengo la pili, Kidani Village. Madirisha yake makubwa nayo yanatazama uwanda wa wanyama, na wana mkate wa kihindi, naan, unaokuja na vibakuli vya achari na chatne. Mama wa Tanga huyo, mkate na achari hatavishangaa, atavipima. Wekeni meza ya saa kumi na moja, jua bado lipo. Meza hufunguliwa siku 60 kabla na zinaisha. Ukikuta zimejaa, angalia tena kila asubuhi, watu wengi hughairi. Meza hiyo ndiyo itakayomfanya baba watoto aingie getini bila maswali, maana asiyelala pale huulizwa anakwenda wapi.

Na ukisikia mumeo amekasirika na kusema basi tuache yote, mjue bado mna Sanaa. Mtu yeyote anaweza kula pale na kuwatazama wanyama bila kulala. Si sawa na roshani, nakubali. Lakini twiga ni yuleyule.

Ikiwa pamoja na haya yote mtaamua kuhama wote, basi mfanye kwa akili. Mhame mara moja tu, na hoteli nzuri iwe ya mwisho, kwa sababu mtoto aliyezoea roshani yenye pundamilia hataki kurudi kutazama maegesho. Asubuhi pelekeni mizigo moja kwa moja kwenye hoteli mpya. Wahudumu wa mizigo wataipokea hata kama chumba hakijawa tayari. Lakini hesabuni masanduku mbele yao, mchukue stakabadhi, na kitu chochote ambacho mtu atakihitaji kabla ya usiku kisiingie humo. Jisajilini kupitia programu ya simu siku moja kabla, ili chumba kikiwa tayari wawatumie ujumbe msisimame kwenye foleni. Mkiwa mnatoka hoteli moja ya Disney kwenda nyingine ya Disney, mizigo huhamishwa na wao wenyewe. Ya nje kama yenu hawaifuati. Na vya friji vimalizeni siku moja kabla. Mimi niliwahi kuacha kilo mbili za nyama ya halali kwa wahudumu wa hoteli moja, nikaahidiwa itawekwa kwenye baridi. Nikaikuta jioni imelala kwenye rafu pamoja na masanduku, maji yanachuruzika juu ya begi la mtu mwingine. Nililia, na haikuwa kwa ajili ya nyama tu. Ulikuwa uchovu wa siku nzima ya kutokuwa na mahali.

Kwa wifi yako usijibu ule ujumbe wa sauti, na ikiwezekana ufute usiusikilize mara ya tano. Ni wa kaka yake kuujibu. Amwambie dada yake mwenyewe kwamba yeye ndiye aliyeweka nafasi, na kwamba Mama hahamishwi. Analala usiku mmoja nje na wajukuu zake, na kitanda chake kinamsubiri palepale alipokiacha. Ukijibu wewe, hata ukisema maneno matamu, litakuwa neno la wifi kwa wifi na litafika Ngamiani kabla ya swala ya isha.

Kisha rudi kwa Mama umuulize upya, kwa swali jingine. Usimuulize anataka kuhama au hataki. Mwambie, "Mama, usiku mmoja twende mimi na wewe na watoto tukalale kule kwenye twiga, baba yao abaki hapa." Halafu mtazame uso, usisikilize maneno peke yake. Akisema tena popote mtakaponiweka, lakini mkono unatafuta kanga yake nzuri, umeshapata jibu. Akikaa kimya, akasema goti, muwekee meza ya Sanaa na jioni mrudi naye nyumbani Kissimmee.

Mkilala huko, yeye ataamka alfajiri kama kawaida yake. Usimrudishe kitandani. Jua la Orlando mwezi wa sita linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na kuanzia swala mpaka wakati huo watoto watakuwa bado wamelala. Mtolee kiti roshanini, mfunike miguu, mpimie sukari, mpe chai yake na kitu cha kuanzia kinywa. Ukae naye. Wanyama huwa hawaji kwa saa, pengine mtasubiri.

Mpe shikamoo yangu.

Dada yako